Shukrani kwa mzee wa Kisekka

Mzee wangu uliyenikuta Kisekka, soko la vipuri vya magari la Kampala, Jumamosi ile, sikukuuliza jina, na hilo linaniuma hadi leo. Nilikuwa nimeshalipia mabomba ya kinga, yale ya kumlinda dereva gari likipinduka, yachomelewe ndani ya Subaru Impreza yangu, tayari kwa mbio za magari za Busiika. Wewe ukainama, ukagonga sakafu kwa kidole: "Mwanangu, bomba limekaa juu ya bati tupu. Gari likipinduka, bomba litapenya bati kama mkuki." Ukakata vipande vya chuma vya milimita 3, ukavichomelea chini ya kila mguu wa bomba ili uzito utawanyike. Mafuta ya breki nayo ukayamwaga, maana yalishanyonya maji, na maji huchemka breki zikipata moto, zikashindwa kushika. Hela ukakataa. Asante sana, mzee. Mama naye anakushukuru.