Bustani za umma zitengwe kabla ya viwanja

Mhariri,

Utafiti wa Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark, uliochapishwa mwaka 2019 na kuhusisha watu zaidi ya 900,000, ulionyesha kwamba waliokulia katika maeneo yenye uoto haba zaidi walikabiliwa na hatari ya kupata maradhi ya akili baadaye maishani iliyozidi ile ya wenzao kwa hadi asilimia 55, hata baada ya hali ya kiuchumi ya familia kuzingatiwa. Uhusiano huo, nakiri, si uthibitisho wa chanzo. Hata hivyo, kijana anayekwea mti, anayekimbia nyasini au anayeketi kivulini na rafiki huipumzisha akili iliyochoshwa na masomo na simu. Wapangaji wa miji watenge bustani kabla ya kugawa viwanja, tena ziwe karibu kiasi cha mtoto kuzifikia kwa miguu.

Msomaji wenu