Kukata Mstari Kwenye Koma Si Somo la Dakika Tano

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi gazetini mwako niwasihi walimu wanaofundisha vijana uandishi wa programu za kompyuta, hapa Kisumu na kwingineko, walipe uzito somo moja ambalo wengi hulipitia mbiombio, nalo ni jinsi ya kuukata mstari wa maandishi yaliyotenganishwa kwa koma na kuvipanga vipande vyake katika arei, yaani vyumba vinavyofuatana ambavyo kila kimoja kina nambari yake.

Mimi nilifunzwa somo hilo kwa mfano wa maembe, ndizi na mapapai. Koma mbili, vipande vitatu, tukasonga mbele. Mfano huo haukuwa na chumba kitupu, wala koma iliyo sehemu ya thamani yenyewe, ilhali madaftari ya watu yamejaa hayo mawili.

Baadaye niliandika, kwa Java, mojawapo ya lugha za kuandikia programu, programu ya kusoma orodha ya kikundi cha akina mama wanaoweka akiba na kukopeshana. Kila mstari ulikuwa na sehemu 5: jina, mtaa, akiba, mkopo na faini. Mwanachama mmoja wa Kondele alikuwa na akiba ya Sh4,500, bila mkopo wala faini. Lahajedwali, yaani programu ya majedwali iliyotoa orodha hiyo, ilikuwa imeizungushia akiba hiyo alama za mtajo, "4,500", ili koma iliyomo isidhaniwe kuwa mpaka. Kwa kutojua, niliziona alama hizo kuwa uchafu, nikaiagiza programu izifute kabla ya kukata. Akiba yake ikawa shilingi 4, nazo 500 zikahamia kwenye mkopo.

Linaloniuma zaidi ni kwamba kosa hilo lingejifichua lenyewe, kwa maana mstari huo ulikuwa sasa na vipande 6 badala ya 5. Lakini split, amri ya kukata mstari katika Java, isipoelekezwa vingine, huvitupa vipande vitupu vilivyo mwishoni, hivyo nikabaki na vipande 4, idadi ile ile ya mwanachama yeyote mwenye mkopo asiye na faini. Programu haikulalamika. Aliyegundua ni mama mwenyewe, aliposomewa mkutanoni kwamba anadaiwa, na hakustahili fedheha hiyo mbele ya wenzake.

Kuvihifadhi vipande vitupu katika Java kunahitaji nyongeza ndogo tu, split(",", -1), lakini kila lugha ina desturi yake. Python huvihifadhi ukiitajia koma, ila usipoitajia kitenganishi chochote, nafasi kadhaa zilizofuatana huhesabiwa kuwa moja. Katika lugha ya C, amri ya kukata iitwayo strtok huziruka koma zilizoandamana, na mwanachama ambaye mtaa wake haukuandikwa ataikuta akiba yake imekaa mahali pa mtaa.

Kanuni za faili za namna hii si siri. Waraka wa RFC 4180, uliotolewa Oktoba 2005, unaeleza kwamba sehemu yenye koma huzungushiwa alama za mtajo maradufu, na alama hiyo ikitokea ndani ya sehemu huandikwa mara mbili. Nashukuru kwamba kazi hiyo haikupewa ritifaa ('), maana sisi wenye Nyang'oma na Ng'ang'a katika orodha zetu tungepata taabu. Zipo pia programu zilizokwisha kuandikwa za kusoma faili hizo, kama ile ya csv iliyomo ndani ya Python tangu mwaka 2003, na mwanafunzi afunzwe kuitumia badala ya kukata kwa mkono.

Kwa kuwa KICD, taasisi ya mitaala ya Kenya, iliidhinisha mwaka 2022 masomo ya kuandika programu katika shule za msingi na za upili, wanaokutana na jambo hili sasa ni watoto. Ninachoomba ni kwamba zoezi lao la kwanza liwe mstari wenye pengo katikati, mapengo mawili mwishoni na kiasi cha pesa chenye koma ndani, nao waagizwe kuhesabu vipande kabla ya kukipa chochote jina.

Msomaji wako,
Kisumu