Binti ya mjomba amevunjiwa posa na kumbe mwenye kubeba ni mimi

Shikamoo Shangazi. Naomba uisome hadi mwisho hata kama ni ndefu, sina mtu mwingine wa kuambia.

Mjomba wangu, ndugu ya mama, alipoteza masikio 1986 akitibiwa TB. Zile siku walikuwa wanadungwa streptomaisini, kifua kikapona lakini akatoka huko hasikii. Nyumbani ikasemekana amerogwa na mambo yakaishia hapo. Halafu 2019 dada yangu mdogo akalazwa na figo akadungwa jentamaisini, dawa ya jamii moja na ile ya mjomba, siku tano, siku tano tu Shangazi, na kufika mwisho wa mwezi tulikuwa tunamwandikia kwa simu ndo aelewe tunasema nini.

Mwaka jana daktari wa masikio akaanza kushuku, damu ya dada ikapelekwa kupimwa nje ya nchi, na majibu ni kwamba kwa ile DNA ndogo ya mitokondria, herufi ya 1555 inafaa kuwa A na yake ni G. Herufi moja kati ya 16,569. Daktari alinieleza polepole nikaelewa: hizi sindano zinaua bakteria kwa kukwama kwa mashine yao ya kutengeneza protini, sasa mitokondria, zile zinapea seli nguvu, nazo ziko na mashine yao inakaribia kufanana na hiyo, na hiyo G ndo inafanya yetu ifanane zaidi, kwa hivyo dawa inaishika pia. Na seli za nywele ndani ya sikio, zile ndogo zinanasa sauti, zinavuta hiyo dawa ikaingia na haitoki haraka. Ziko kama 15,000 tu kwa kila sikio. Kuku akipoteza zake zinamea tena, za binadamu zikifa zimeenda.

Sasa kinachoniumiza ni hiki. Mitokondria mtoto huzipata kwa mama yake, si kwa baba. Mjomba hawezi kupitishia watoto wake hii kitu, hata mmoja. Lakini ni binti yake amevunjiwa posa mwezi wa nane, eti watu wa yule kijana walisikia baba mtu ni kiziwi wakasema hawataki kuletewa uziwi kwa ukoo wao. Msichana amekonda, hata kazini alikuwa haendi. Na mimi niliolewa 2022 masikio yangu yakiwa sawa, hakuna mtu aliniuliza chochote, kumbe kama dada yangu ako nayo basi mama ako nayo na mimi niko nayo, na saa hii niko na mimba ya miezi saba.

Nilimwambia mama twende tuwaeleze wale watu ukweli. Alikasirika sana, akasema nikifungua mdomo nitakuwa nimetangaza kwamba uziwi ulitoka kwa tumbo lake, na nyumba yangu pia nitaivunja mwenyewe. Mume wangu hajui kitu, mama mkwe ndo kabisa.

Na siwezi kunyamaza tu juu ya mtoto. Huyu mtoto si lazima azaliwe kiziwi eti kwa sababu ya hiyo G, anaweza kusikia tu kama mimi, shida kubwa ni ile sindano. Lakini mtoto mchanga akishukiwa kuwa na maambukizi ya damu, hapa kwetu huanzishwa penisilini na jentamaisini, na ni dawa imeokoa watoto wengi, siitukani. Dawa zingine ziko ila yule wa zamu usiku lazima ajue mapema. Daktari alisema niandikiwe kwa kitabu cha kliniki, na hicho kitabu mama mkwe ndiye hukibeba, yeye ndiye hunisindikiza kila mwezi na husoma kila ukurasa. Mwezi uliopita nilijaribu kumnong'onezea nesi akaniambia niache mambo ya intaneti, na sikuwa na barua ya daktari mkononi nikanyamaza.

Sasa Shangazi, nianzie wapi? Nimwambie mume wangu kwanza bila ruhusa ya mama, ama nimrudie mama tena? Na binti ya mjomba, nimwambie ukweli nikijua atautumia kujitetea na jina letu litatajwa? Akiutumia sitamlaumu. Kliniki yangu ni Jumatano ijayo na barua ya daktari sasa ninayo, imekunjwa ndani ya pochi.

Mama Kijacho, Umoja