Viatu vya Mtakatifu Yeronimo

Shoga yangu mpenzi,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi hatujambo, watoto wazima, kaka yako bado anaidai ile simu uliyomwahidi.

Nisamehe kimya changu. Kadi yako ya rambirambi ya mama, ile yenye picha ya Mtakatifu Yeronimo akisoma, iliponifikia sikuwa na nguvu ya kushika kalamu. Nikaiegemeza kwenye kabati la vyombo, nikawa naitazama kila ninapopika. Miezi mitano sasa, huyo Yeronimo amekuwa mtu wa humu ndani.

Nimemsoma kidogo. Aliyemchora ni Antonello wa Messina, kule Sisilia, yapata mwaka 1475, na mchoro wenyewe una sentimita 46 kwa 36 tu. Sinia letu la wali ni kubwa kuliko huo! Humo humo kaweka nyumba nzima, na mtakatifu kaketi na kitabu chake, kavaa joho jekundu la kadinali, ingawa enzi zake makadinali wa namna hiyo hawakuwako. Hiyo ni heshima waliyompa watu wa baadaye kwa kazi ya kuitia Biblia katika Kilatini. Mama naye alikuwa akishakaa na Biblia yake jioni, umwite mara tatu hasikii.

Pale kizingitini mbele kuna kwale, tausi na bakuli la shaba. Bakuli ni usafi, hilo halinisumbui. Kwale wanamgombania: wengine wanasema ni ukweli, wengine hila. Lakini tausi, shoga! Watu wa kale waliamini nyama yake haiozi. Mtakatifu Augustino alijaribu mwenyewe: aliandaliwa tausi huko Karthago, akaamuru mnofu uwekwe. Siku 30 zikapita, haukunuka. Mwaka ukapita, ulikuwa umekauka na kusinyaa kidogo tu. Ndiyo maana tausi akawa alama ya uzima usiokwisha. Nilipoyasoma hayo nilikaa chini nikalia, maana tulikuwa tumetoka kumzika mama na mimi nilikuwa nafikiria udongo tu.

Simba umemwona? Yuko kulia, kwenye kivuli cha zile nguzo, yule ambaye hadithi za kale husema mtakatifu alimtoa mwiba mguuni. Anatembea taratibu kama mwenyeji, na paka kajilalia zake upande wa pili.

Ila kinachonirudisha kila siku ni viatu. Pale penye ngazi kavivua, kapanda kusoma. Tausi nimeelezwa, simba nimeelezwa, viatu sijaona anayevieleza vikanitosha. Kwangu mimi ni mtu aliyejua anaingia mahali patakatifu, kama Musa penye kijiti. Au ni mtu aliyekuwa nyumbani kwake, basi. Kandambili za mama ziko vile vile mlangoni, kisigino cha kushoto kimelika. Kila nikifagia nazizunguka.

Sasa nina ombi. Siku ukipata nafasi nenda pale Trafalgar Square, London, kwenye jumba la National Gallery ulipo mchoro wenyewe, kuingia ni bure, usogee karibu unitazamie. Viatu vimeelekea ndani au nje? Vimepangwa, au vimevuliwa kwa haraka? Simba anamtazama mzee, au anatutazama sisi? Na kwenye misa ya mwaka utakuja? Nikutandikie chumba cha mama? Kandambili zake nizitoe, au nizingojeshe mpaka ufike?

Akupendaye,
shoga yako wa Tanga