Taka hununuliwa kabla ya kutupwa

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu kampuni zinazopunguza taka, ile yenye picha ya mkurugenzi akitabasamu kando ya mapipa matatu: la kijani, la bluu na la njano. Sina ugomvi na mkurugenzi. Ugomvi wangu ni na yale mapipa. Nimefanya kazi ya stoo kwa miaka ishirini na mitatu, nikipokea mizigo na kutoa mizigo, na nimeyaona mapipa ya rangi yakiletwa, yakizinduliwa kwa hotuba na kupigwa picha. Yaliyofuata baada ya hapo hayakupigwa picha, ndiyo maana naomba nafasi.

Jioni moja nilichelewa kutoka kazini. Mama wa usafi akapita na toroli lake lenye mfuko mmoja mweusi. Akainua pipa la bluu, la karatasi, akalimimina mfukoni. Akainua la njano, la chupa, akalimimina juu yake. Humo mlikuwa na kikombe ambacho mtu hakumaliza kinywaji chake. Kikapinduka, na rundo zima la karatasi safi likalowa palepale. Nikamuuliza, mama, mbona unachanganya? Akanijibu bila hasira: "Mwanangu, nyie mmepewa mapipa matatu, mimi nimepewa toroli moja." Sikuwa na la kusema. Na hata angekuwa na matoroli matatu, gari la taka lililokuja asubuhi lilikuwa na tumbo moja. Mapipa yalinunuliwa na ofisi moja, mkataba wa gari ukasainiwa na ofisi nyingine, na ofisi hizo mbili zilikuwa hazisalimiani.

Lakini hata hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba taka nyingi za biashara huingia kwa mlango wa mbele, zimelipiwa na zina risiti. Anayezileta ni yule anayenunua, na lawama zote tunamtwika yule anayetupa.

Nikupe mfano mmoja nilioushika kwa mikono yangu. Tulikuwa tunaletewa kipuri fulani cha mashine, kidogo kama kidole gumba. Kilikuja kwenye boksi linaloweza kubeba jozi ya viatu. Ndani ya boksi mna karatasi za kujazia, ndani ya karatasi mna nailoni ya mapovu, ndani ya nailoni mna kifuko chenye upande wa plastiki na upande unaong'aa kama bati, na ndani yake ndipo kipuri kilipolala. Boksi lingerejelezwa vizuri tu. Kile kifuko hakirejelezeki popote ninapopajua, kwa sababu tabaka zake zimegandishwa pamoja na hakuna anayepata faida ya kuzibandua. Tulipokea vipuri hivyo kimoja kimoja, karibu kila siku, maana aliyeagiza hakuwahi kufika stoo kuona anachoagiza kinafikaje.

Siku moja bosi wangu, mtu msikivu kuliko alivyoonekana, aliniruhusu nipime. Kwa wiki mbili kila mfuko uliokwenda nje ulipita kwanza juu ya mizani yetu ya mizigo, na nikaandika kwenye daftari: nini, kilo ngapi, kimetoka idara gani. Wote tulitarajia chupa na vikombe vya ofisini ndivyo vitakavyoongoza, kwa kuwa ndivyo vilivyokuwa na mapipa na mabango. Vikawa mwisho kabisa. Vilivyoongoza ni maboksi, nailoni ya kuzungushia paleti, na bidhaa nzima nzima zilizoharibika au kupitwa na wakati kabla ya kuuzwa. Hizo za mwisho ndizo zilizoniuma. Zilikuwa zimeagizwa nyingi kupita mahitaji ili tupate punguzo la bei. Aliyepata punguzo alisifiwa kwenye kikao. Gharama ya kuzitupa ikaandikwa kwenye bajeti ya idara nyingine, miezi kadhaa baadaye, na hakuna aliyeziweka karatasi hizo mbili kando kwa kando.

Wajapani wana neno la upotevu wa namna hii kazini: muda. Ndiyo, linaandikwa hivyo hivyo kama letu, na nilipolisikia mara ya kwanza nilidhani mkufunzi amekosea. Taiichi Ohno wa kiwanda cha Toyota alihesabu aina saba za muda, na iliyomkera kupita zote ni kuzalisha zaidi ya kinachohitajika, kwa sababu ndiyo inayozaa nyingine. Kitu kilichozidi kinahitaji pa kuwekwa, cha kufungiwa, mtu wa kukihamisha, na mwishowe jalala. Hakuna pipa la rangi litakalokusaidia hapo. Ni kama kufua maji mtumbwini bila kuziba tobo.

Sasa tulifanya nini? Tulianza na maboksi, kwa kuwa ndiyo rahisi. Boksi kavu lililokunjwa na kufungwa kwenye robota lina mnunuzi, na mnunuzi huyo anakuja mwenyewe. Boksi hilohilo likilala nje likanyeshewa, au likipata mafuta, halina mwenyewe. Tofauti kati ya mali na taka ilikuwa ni paa la mabati na mashine ya kukandamiza. Risiti zinazochapwa kwa joto tulizitoa kwenye karatasi, maana zina kemikali juu yake na zinachafua mzigo. Makopo ya alumini tukayatenga peke yake; kuyeyusha alumini iliyokwisha kutumika kunaokoa takriban asilimia 95 ya nishati inayohitajika kuitoa kwenye madini ya boksiti, ndiyo maana wanunuzi wa chakavu hawayaachi.

Plastiki ndiyo iliyotutoa jasho. Watu wengi, na wanunuzi wa kampuni wakiwamo, wanaamini ile pembetatu ya mishale yenye namba ndani maana yake ni "hii inarejelezwa". Sivyo. Alama hizo zilianza mwaka 1988 katika tasnia ya plastiki Marekani ili kutambulisha aina ya plastiki, basi. Namba 1 ni PET, ile ya chupa za maji na soda, namba 3 ni PVC, ile ya mabomba, na ukizichanganya unaharibu zote mbili: PVC inaanza kuoza na kutoa asidi kwenye joto ambalo PET bado haijayeyuka. Halafu kuna trei nyeusi. Mitambo mingi ya kuchambua plastiki hutumia miali ya infraredi, isiyoonekana kwa macho, inayorudi ikiwa na taarifa ya aina ya plastiki. Trei iliyotiwa rangi ya masizi inaimeza miali hiyo. Mtambo hauoni kitu, trei inapita kwenye mkanda hadi upande wa taka, hata kama ni plastiki safi ya kuuzika. Kwa hiyo mtu aliyechagua rangi nyeusi kwa sababu bidhaa inapendeza juu yake ameshaamua mwisho wa trei hiyo, mwaka mmoja kabla ya mimi kuitia kwenye pipa sahihi. Wanasayansi waliokokotoa mwaka 2017 walikuta kwamba kati ya plastiki zote zilizokuwa zimegeuka taka duniani hadi 2015, ni takriban asilimia 9 tu zilizorejelezwa. Sishangai hata kidogo.

Tukahamia kwa wasambazaji. Tuliwaomba walete mizigo kwenye kreti za plastiki zinazokunjika, wazichukue gari linaporudi tupu. Wakatucheka. Mwaka uliofuata bosi akaweka sharti hilo ndani ya zabuni yenyewe, mstari mmoja: vifungashio vya usafirishaji ni mali ya msambazaji na atavirudisha kwa gharama yake. Waliocheka walikuja na kreti. Wawili walijitoa, na sikuona mtu akiwalilia.

Ujerumani ilifanya jambo hilohilo kwa nchi nzima. Kanuni yao ya vifungashio ya mwaka 1991 iliwalazimu wafanyabiashara kuvipokea tena vifungashio vyao, na mteja akapewa haki ya kuacha boksi la nje dukani na kuondoka na kilichomo. Hebu fikiria mwenye duka anayeachiwa rundo hilo kila jioni. Hatahitaji semina ya mazingira. Atampigia simu mtengenezaji kesho yake asubuhi amuulize kwa nini kitu kilichomo ndani ya kifungashio kinawekwa tena ndani ya boksi.

Si kila kitu kinazuilika mlangoni, nakubali. Kiwanda kitatoa mvuke, majivu, vumbi la mbao, maji ya moto. Hapo inabidi kumtafuta jirani anayekihitaji. Kule Kalundborg, Denmark, viwanda vimekuwa vikipeana mabaki tangu miaka ya 1970: kituo cha umeme kinawapa majirani mvuke, na jasi (gypsum) inayopatikana kwenye kusafisha moshi wake ikaenda kwa mtengenezaji wa mbao za dari na kuta. Kinachonifurahisha ni kwamba hakuna kamati iliyokaa ikabuni mfumo mzima. Kila bomba lilitokana na mapatano ya wawili walioona faida yao. Sisi wenyewe tuliishi ukuta kwa ukuta na karakana iliyokuwa ikinunua karatasi za kujazia mizigo yake, huku sisi tukilipia gari la kutupa za kwetu. Miaka minne! Tuligundua kwa sababu dereva wao aliomba moja akalie.

Neno moja kuhusu ripoti zile za kurasa za kung'aa. Kampuni ikisema "tumerejeleza" tani kadhaa, mara nyingi maana yake ni kwamba tani hizo zimetoka getini kwenye gari lililoandikwa urejelezaji. Mwaka 2018 China ilipofunga mlango kwa plastiki chafu za nje na kutaka uchafu usizidi asilimia 0.5 kwenye shehena nyingi, biashara nyingi katika nchi tajiri ziligundua ghafla kwamba hazikuwa zikirejeleza, zilikuwa zikisafirisha. Anayetaka kuaminika aseme amenunua kiasi gani, ametupa kiasi gani, na aliyechukua kilichobaki amekifanyia nini. Hata daftari langu la wiki mbili lilikuwa na safu zake tatu, na liliandikwa kwa kalamu ya risasi.

Kwa hiyo, Mhariri, mwandishi wenu akitembelea kampuni nyingine, namwomba ayapite mapipa aende nyuma, mlango wa kupokelea mizigo, saa ambayo magari yanashusha. Asimame pale nusu saa tu. Kisha aombe kumwona mtu wa manunuzi, si mtu wa mazingira.

Na kwa kuwa gazeti nalo ni biashara, nina swali. Nakala zenu zinafika kwa wauzaji zikiwa zimefungwa mikanda ya plastiki, na nyingine jioni zinarudi bila kusomwa. Karatasi ya gazeti ni mali. Nyuzi zake zinaweza kurejelezwa mara tano hadi saba kabla hazijawa fupi mno. Zile zisizouzwa zinakwenda wapi, na ni nani anayeamua kila usiku zichapwe ngapi? Nitafurahi kulisoma jibu kwenye ukurasa huuhuu.

Wako,
Mtunza stoo mstaafu