Kuhusu hiyo mashine ya kutetemesha

Hassani mwanangu,

Goti linasemaje? Voisi yako nimeisikiliza jana usiku, dakika sita nzima unalalamika paja halikazi tangu oparesheni ya goti, na unauliza kama mashine ya kutetemesha itasaidia, nikacheka maana nimejiona mimi mwaka juzi, nimelala na mto chini ya kisigino naliambia paja langu kaza, na lenyewe linaniangalia tu.

Wala sio uvivu. Goti likivimba baada ya oparesheni, ubongo unauzima ule msuli wa mbele wa paja. Ni kama swichi kubwa imeshushwa, waya nzima, luku ina yuniti, ila taa haiwaki.

Sasa hiyo mashine uliyoniuliza imekaa kama mzani wa kupimia magunia, unapanda, unashika vyuma vya mbele, unakunja magoti kama mtu aliyetaka kukaa akaghairi. Ya kwetu fizio, yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alikuwa anaiweka itetemeke mara 30 kwa sekunde. Msuli ukivutwa na kuachiwa haraka haraka hivyo unajikaza wenyewe hata hujauomba. Siku ya kwanza kwa ubishi wangu nikasimama miguu imenyooka, mtetemo ukapanda mpaka kichwani, meno yanagongana, pua inawasha, fizio anacheka tu, kunja mzee, kunja! Nikakunja, nikaona paja limecheza. Miezi miwili lilikuwa kama sio langu, nusura nilie pale mbele za watu.

Ila usije ukadhani ndo dawa. Unapanda sekunde 30, unapumzika dakika moja, raundi tano hivi basi, halafu ndo kazi yenyewe inaanza, kuegemea ukuta umechuchumaa, kunyanyua mguu, kupanda na kushuka stuli mpaka uichukie. Mashine inaamsha tu. Mimi nilijifanya mjanja, wiki mbili napanda, natetemeka, naenda zangu nyumbani, nikaja kupimwa na futi ile ya fundi cherehani, paja limepungua sentimita 3 vilevile.

Na usiikimbilie. Mimi niliruhusiwa wiki ya nane, mguu unanyooka na uvimbe umeisha, wewe msikilize daktari wako. Hiyo kano waliyokutolea nyuma ya paja wakaipandikiza ndani ya goti, mwili unaanza kwanza kuilainisha ndo uijenge upya, kwahiyo mwezi wa pili wa tatu inakuwa dhaifu na ndo hapo hapo wewe unajiona umepona unataka kurukaruka. Halafu kigimbi kikivimba, kinauma na kina joto, usipande mashine yoyote wala usikandwe, kimbia hospitali, inaweza kuwa damu imeganda.

Ile mashine ndogo ya kutetemesha ya kushika mkononi aliyoiona shemeji Instagram sikukatazi, mafizio wengine wanaitumia juu ya paja, ila mwambie asiisogeze kwenye mshono, na kabla hamjatoa hela muulize fizio wako.

Ndondo ya mwezi wa nane sahau kabisa, wakikupigia simu zima. Mpira ni miezi tisa kwenda mbele, tena ukipimwa miguu yote ikalingana nguvu.

Leo jioni chukua futi, pima mapaja yote mawili, sentimita 10 juu ya pia ya goti, unitumie namba. Usinidanganye, nitamuuliza shemeji.

Wako,
Idi