Methamfetamini na VVU: Tatizo si sindano pekee

Mhariri,

Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kukamatwa kwa zaidi ya kilo 3,000 za heroini na methamfetamini. Mjadala uliofuata, kwa maoni yangu, uliwahusu mno wafanyabiashara na kuwasahau watumiaji.

Tumezoea kuambiwa kwamba mtumiaji hupata VVU kwa kuchangia sindano au kwa ngono isiyo salama. Ni kweli, wala sipingi. Ila anayevuta methamfetamini bila kujidunga hujiona amesalimika, ilhali dawa yenyewe huzigusa seli za kinga. Methamfetamini humwaga kwa wingi dopamini, yaani kemikali ya ubongo inayohusika na hisia za raha, na kokeni, dawa nyingine ya kusisimua, huizuia isirejee kwenye neva ilikotoka. Makrofaji, yaani seli zinazomeza vijidudu, zina vipokezi vya dopamini, na majaribio ya maabara yameonyesha kwamba dopamini ikizidi, VVU huziingia kwa urahisi zaidi. Methamfetamini imeonekana pia kuongeza kwenye seli hizo kipokezi cha CCR5, ambacho VVU hukitumia kama mlango wa kuingilia. Nao watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walionyesha mwaka 2013 kwamba seli za kinga za CD4 zilizotulia, yaani zisizo kazini, ambazo kwa kawaida VVU huzishindwa, huambukizika zikishapata kokeni. Hayo ni ya maabara; mtumiaji halisi ana mengine juu yake, kama kukesha, kutokula na kuruka dozi za ARV.

Huduma zetu zilijengwa kwa ajili ya heroini. Tangu Muhimbili ilipoanza kutoa methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini, mwaka 2011, mwenye uraibu wa heroini kwa kawaida hufika kila siku, hunywa dozi yake mbele ya mhudumu, na hapo hapo ni rahisi kumpima VVU na kumfuatilia. Methadoni haimsaidii wa methamfetamini, kwa hiyo hana kinachomleta kliniki asubuhi. (Kumwambia tu aache, bila kumpa pa kwenda, ni kupoteza muda.)

Naiomba Wizara ya Afya iwapeleke waelimishaji rika kwenye maskani, wakiwa na vipimo, dawa za PrEP (za kumkinga asiye na VVU asiambukizwe) na ushauri unaoeleza wazi habari hii ya seli. Wenye VVU wasinyimwe ARV eti mpaka waache kwanza: aliyefubaza virusi hadi visionekane kwenye vipimo hamwambukizi mwenzake kwa ngono, awe anatumia dawa za kulevya au hatumii.

Msomaji wako,
Temeke, Dar es Salaam